Safari za Data: Kutoka Litein Hadi Ujerumani

Hapa Litein majani ya chai hupita ngazi tatu: shamba, kituo cha kununulia, kiwanda. Programu ya wavuti nayo ina tabaka tatu: ukurasa anaouona mtumiaji, sehemu ya hesabu, na hifadhidata. Kugawa tabaka si kosa. Kinachoua kasi ni safari za kati.

Tazameni historia yetu. Kabla ya kituo cha KIXP, barua pepe kati ya kampuni mbili za intaneti za Nairobi ilirushwa kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikazunguka ng'ambo ndipo irudi. KIXP kilianza 2000, kikafungwa punde, kikarejea 2002. Nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa 2009. Hata hivyo seva za M-Pesa, huduma iliyozinduliwa 2007, zilikaa Ujerumani mpaka 2015 zilipohamishiwa Kenya.

Nami nikarudia kosa lilelile. Niliandika programu ya kurekodi kilo za wakulima, seva ikiwa Nairobi na hifadhidata Ulaya. Nilimwulizia kila mkulima peke yake: wakulima 200, safari 200, kila moja milisekunde 150. Ukurasa ulichukua sekunde 30, na kina mama wamesimama mvuani na vikapu mgongoni.

Nilikusanya maswali yote yakawa moja. Ukurasa ukafunguka papo hapo.

Karani wa kituo alicheka: "Kwani sisi hupeleka kiwandani jani moja moja?"