Barua za Smithsonian: Zilizoungua na Zilizobaki

Sehemu kubwa ya barua zilizoandikwa na kupokelewa na ofisi kuu ya Taasisi ya Smithsonian ya Marekani katika miaka 18 ya mwanzo iliteketea alasiri moja, tarehe 24 Januari 1865. Ripoti ya taasisi yenyewe ilitaja kurasa 35,000 za nakala za barua zilizotumwa, zaidi ya nne kwa tano zikiwa zimetungwa na Katibu mwenyewe, na kurasa 50,000 za barua zilizopokelewa. Waandishi wa historia wamelazimika kutegemea vyumba ambavyo moto haukuvifikia na makabati ya watu waliokuwa upande wa pili wa barua. Matokeo yake ni historia iliyoegemea upande mmoja. Wakusanyaji wa ndege na mayai wanasikika vizuri, ilhali Katibu aliyeamua fedha zitumikeje anasikika kwa vipande.

Smithsonian yenyewe ilizaliwa na karatasi. James Smithson, mkemia Mwingereza aliyekuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Duke wa Northumberland, aliandika wosia wake mwaka 1826. Mali alimwachia mtoto wa ndugu yake. Huyo naye akifa bila kuacha mtoto, mali yote iende Marekani, ijengwe mjini Washington taasisi yenye jina la Smithson ya kukuza na kueneza maarifa. Smithson hakuwahi kukanyaga Marekani, wala wosia hauelezi kwa nini aliichagua. Alifariki Genoa mwaka 1829. Mrithi wake akamfuata mwaka 1835, bila mtoto.

Rais Andrew Jackson alilipeleka suala hilo bungeni, na mwanasheria Richard Rush akatumwa London kudai urithi mahakamani. Alirudi mwaka 1838 na sarafu za dhahabu 104,960, ambazo baada ya kuyeyushwa zilipata thamani ya zaidi ya dola 508,000. Alirudi pia na mizigo ya marehemu, ikiwemo hati na barua zake. Ripoti za Rush kwa serikali zilihifadhiwa na baadaye kuchapishwa, kwa hiyo safari ya fedha hizo inajulikana hatua kwa hatua. Karatasi za Smithson mwenyewe zilikuja kuwekwa katika jengo la taasisi, mahali palipoonekana kuwa salama kuliko popote.

Bunge lilibishana miaka minane: wengine walitaka chuo kikuu, wengine maktaba ya taifa, wengine kituo cha kuangalia nyota, na wapo walioona ni aibu kwa taifa kupokea zawadi ya mgeni. Sheria iliyotiwa saini na Rais James K. Polk tarehe 10 Agosti 1846 iliridhisha karibu kila upande kwa kutoamua sana: makumbusho, maktaba, jumba la sanaa na maabara vyote viliingizwa. Desemba mwaka huohuo Joseph Henry, mwanafizikia wa Princeton aliyejulikana kwa utafiti wa sumaku-umeme, alichaguliwa kuwa Katibu, yaani mkuu wa taasisi. Rafiki yake Alexander Dallas Bache, mkuu wa idara ya upimaji wa pwani na mjumbe wa bodi, alimwandikia mara baada ya uchaguzi akimsihi akubali kwa ajili ya nchi yake.

Barua za Henry za miaka hiyo zilizosalia, hasa kwa mkewe Harriet na kwa wanasayansi wenzake, zinamwonyesha mtu mwenye wasiwasi. Jengo la mawe mekundu lililochorwa na James Renwick, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Mei 1847, aliliona kuwa mzigo utakaomeza fedha za utafiti. Kwa maoni yake, taasisi ilipaswa kugharimia uchunguzi mpya na kuuchapisha, si kukusanya vitu vya kutazamwa. Ugomvi wake na mkutubi Charles Coffin Jewett, aliyetaka Smithsonian iwe maktaba kuu ya taifa, uliisha mwaka 1854 kwa Jewett kuachishwa kazi. Mjadala huo ulifika bungeni na magazetini, hivyo kumbukumbu zake zipo nyingi. Mambo ya kila siku, ambayo hayakumvutia mwandishi yeyote wa gazeti, ndiyo yaliyopotea.

Taasisi isiyo na wafanyakazi wengi ilijiendesha kwa posta. Mfano mzuri ni mpango wa hali ya hewa, ulioanza mwaka 1849. Henry alitafuta watu wa kujitolea, walimu, madaktari, wachungaji na wakulima, na kuwapelekea fomu za kujaza. Kipimajoto kilisomwa saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, na fomu ikarudishwa Washington kila mwezi. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza waangalizi walikuwa takriban 150. Kufikia 1860 walikaribia 600. Makampuni ya telegrafu nayo yalileta habari fupi za hali ya hewa, na kuanzia mwaka 1856 ramani kubwa ilitundikwa ukumbini, ikiwa na visahani vya rangi vilivyobadilishwa kila siku kuonyesha mvua ilikuwa wapi na jua lilikuwa wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, taarifa za majimbo ya Kusini zilikatika.

Nakala zilitunzwa kwa bidii. Njia iliyozoeleka katika ofisi za wakati huo ilikuwa kuweka barua iliyoandikwa kwa wino maalumu chini ya karatasi nyembamba iliyoloweshwa kidogo, kisha kuvibana vyote kwa mashine ya chuma yenye skrubu. Wino ulihamia kwenye karatasi ile na kusomeka kutoka upande wa pili. Karatasi hizo zilijalidiwa kuwa vitabu vinene. Ni utaratibu mzuri, ila nakala na barua zilizojibiwa huishia kukaa chumba kimoja.

Msaidizi wa Henry, Spencer Fullerton Baird, aliajiriwa mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka 27. Alifika na mkusanyiko wake wa ndege, samaki na wanyama uliojaza mabehewa mawili ya reli. Baird alitaka makumbusho, na alijua kuyapata bila fedha. Mkwewe, Jenerali Sylvester Churchill, alikuwa mkaguzi mkuu wa jeshi, na kupitia kwake Baird aliwafikia maofisa waliokuwa katika ngome na misafara ya magharibi. George McClellan, ambaye baadaye aliliongoza jeshi la Kaskazini vitani, alimkusanyia nyoka na mijusi kwenye msafara wa Mto Red mwaka 1852.

Barua za Baird zilikuwa na mtindo wake. Aliandika kwa ukarimu, akasifu kifurushi kidogo kama vile ni hazina, kisha akaomba kingine. Aliambatanisha maelekezo yaliyochapishwa kuhusu namna ya kuchuna ndege, kutoboa yai na kufunga samaki ndani ya pipa la spiriti. Mapipa ya spiriti yalikuwa na tatizo lake njiani, kwa kuwa wapo waliopenda kuyaonja. Maelekezo yalishauri kutia dawa ya kutapisha kidogo ili kumkatisha tamaa mnywaji. Ushauri kama huo hautolewi na mtu ambaye hajawahi kupoteza samaki kwa njia hiyo.

Robert Kennicott, kijana wa Illinois, alitumwa mwaka 1859 kaskazini mwa Kanada, katika himaya ya Kampuni ya Hudson's Bay. Huko aliwashawishi wafanyabiashara wa manyoya, akiwemo Roderick MacFarlane, waanze kukusanya. Vituo vyao vilipata barua mara chache kwa mwaka, na Baird aliwaandikia kila mmoja kana kwamba ndiye mwenzake wa pekee. Makreti ya mayai na ngozi yaliendelea kufika Washington hata baada ya Kennicott kuondoka. Desturi hiyo ilidumu kupita uhai wa Baird, aliyefariki mwaka 1887. Mmarekani William Louis Abbott, aliyekusanya wanyama katika eneo la Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880, alivipeleka vielelezo vyake Washington. Kwa kimoja kati ya hivyo mwanasayansi Frederick True alimweleza kisayansi mnyama aitwaye minde mwaka 1890, na jina la Kiingereza la mnyama huyo hadi leo ni la Abbott.

Katika karatasi za Baird zimo pia barua za Solomon Brown, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1829 na kuajiriwa Smithsonian mwaka 1852. Hakuwa na elimu ya shule ya kutosha, na kabla ya hapo alishiriki kazi ya kujenga laini ya kwanza ya telegrafu ya Samuel Morse. Baird alipokuwa safarini majira ya kiangazi, Brown alibaki akitunza nyumba na ofisi na kumwandikia: masanduku yaliyofika, barua zilizopelekwa mbele, hali ya watu wa nyumbani, na mambo ya Washington wakati wa vita. Tahajia yake ni ya mtu aliyejifunza mwenyewe. Habari zake, hata hivyo, ni za karibu kuliko ripoti yoyote ya mwaka, na bila bahati ya chumba zilimohifadhiwa, mfanyakazi huyo aliyetumikia taasisi kwa miaka 54 angebaki jina tu kwenye orodha ya mishahara.

Moto wenyewe ulitokana na baridi. Januari 1865 mafundi walikuwa wakipanga upya picha katika jumba la sanaa la ghorofa ya juu, wakawasha jiko la muda. Bomba la moshi walilichomeka katika tundu la ukuta walilodhani ni njia ya dohani. Lilikuwa uwazi kati ya ukuta na bitana ya matofali, uliopanda hadi chini ya paa la mbao. Moto ulijilimbikiza humo bila kuonekana. Tarehe 24, majira ya saa tisa alasiri, Henry alikuwa ofisini na karani mkuu William Jones Rhees waliposikia mlio wa kitu kinachoungua juu ya vichwa vyao. Muda mfupi baadaye paa lilianza kuanguka.

Zilipotea karibu picha zote za mchoraji John Mix Stanley, takriban 200, nyingi zikiwa za watu wa mataifa ya asili ya Amerika. Zilipotea zana za mkemia Robert Hare, mali za Smithson pamoja na hati zake, na maktaba zilizochukuliwa kutoka Kusini wakati wa vita zikawekwa huko zihifadhiwe. Ofisi ya Katibu iliungua na yaliyomo, yakiwemo madondoo ya utafiti wa Henry mwenyewe. Ghorofa ya chini, yenye makumbusho, ilipona, na mawasiliano ya Baird yalisalimika kwa wingi. Mtu aliyepinga makumbusho alipoteza barua zake. Aliyeyajenga alibaki na zake. Mwaka uliofuata vitabu vya maktaba ya taasisi vilihamishiwa Maktaba ya Bunge.

Kujaza pengo kulichukua zaidi ya karne. Rhees alikusanya na kuchapisha nyaraka za bunge na mahakama kuhusu mwanzo wa taasisi. Henry alifariki Mei 1878, na binti yake Mary, ambaye shajara yake ilieleza moto ule, alitumia miaka mingi kutafuta barua za baba kwa ajili ya kitabu ambacho hakukimaliza. Maisha ya Smithson yalisubiri hadi mwaka 2007, Heather Ewing alipochapisha wasifu uliojengwa kwa vitabu vya benki na barua zilizotawanyika katika maktaba za Ulaya.

Kwa upande wa Henry, mradi wa kuchapisha nyaraka zake ulianzishwa katika miaka ya 1960, kwanza chini ya Nathan Reingold na kisha Marc Rothenberg. Wahariri walizitafuta barua kwa walioandikiwa: za mtaalamu wa mimea Asa Gray huko Harvard, za Bache katika mkusanyiko wa Rhees uliofika Maktaba ya Huntington, California, na nyingine katika nchi kadhaa. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1972. La 10 linaishia mwaka wa moto, la 11 linafika kifo cha Henry, na la 12, lenye faharasa ya jumla, lilichapishwa mwaka 2008.