Picha za Magnitogorsk

Mlima Magnitnaya, maana yake Mlima wa Sumaku, u kando ya mto Ural, katika nyika ya kusini mwa milima ya Urali, nchini Urusi. Tangu mwaka 1743 ilikuwako chini yake ngome ndogo ya Kikazaki. Zaidi ya hiyo palikuwa majani, upepo, na baridi ya miezi mingi. Mwezi Machi 1929 waliwasili wajenzi wa kwanza. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo likaingia gari moshi la kwanza, na mapema mwezi Februari 1932, kati ya majira ya baridi, tanuri la kwanza likamwaga chuma. Mji ulioota hapo ukaitwa Magnitogorsk.

Ni miji michache iliyopigwa picha hivyo tangu siku ya kuzaliwa kwake. Hilo halikutokea kwa bahati. Mwaka 1930 serikali ya Kisovieti ilianzisha gazeti la picha liitwalo SSSR na stroike, maana yake Sovieti Katika Ujenzi, likitolewa kwa Kirusi, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, ili mataifa mengine yaone kwa macho yao. Kamera, basi, ilihesabiwa miongoni mwa vyombo vya kazi pamoja na sururu na toroli.

Mwenye kuzitazama picha hizo leo hana budi kustaajabia jambo ambalo wapigaji wake yamkini hawakulikusudia. Michoro ya kiwanda ilitoka kwa kampuni ya Arthur McKee ya Cleveland, Marekani, na mfano wake ulikuwa kiwanda cha Gary, Indiana, ambacho siku zile kilisifiwa kuliko vyote. Lakini chini ya tanuri hizo za kigeni huonekana farasi na mikokoteni. Hao walikuwa wachimbaji wa udongo waliokuja kutoka vijijini pamoja na wanyama wao, kama baba zao walivyokwenda kuchimba tuta za reli zamani. Udongo uliondolewa kwa koleo, zege likasukumwa kwa toroli juu ya mbao. Ukuta wa bwawa la kwanza ulijengwa kwa mashindano, kikosi kimoja kikianza ukingo wa kushoto na kingine wa kulia; na kwa kuwa sifa ilikuwa ya upesi, bwawa likawa dogo. Baadaye likajengwa jingine kubwa zaidi, na maji yake yakaufunika ukuta ule wa mashindano.

Picha mashuhuri kupita zote ni zile za Max Alpert, zilizochapishwa mwaka 1932 kwa jina la "Jitu na Mjenzi". Jitu ni kiwanda. Mjenzi ni Viktor Kalmykov, kijana mkulima. Mtazamaji humwona akifika na mzigo wake, miguuni viatu vilivyosukwa kwa magome ya mti. Kisha yumo hemani, kisha anajifunza kusoma, anakuwa fundi, anaoa, anapokea kadi ya chama. Hadithi ni nzuri na mpango wake ni safi. Lakini Alpert alipomkuta Kalmykov, Kalmykov alikuwa amekwisha fika zamani. Kule kuwasili kwake ilibidi kuigizwe upya, mbele ya kamera.

Jambo hilo lilizusha mabishano makali baina ya wapiga picha wa Kisovieti. Wengine walisema kwamba picha iliyopangwa ni uongo. Alpert alijitetea kwamba hakubuni kitu, bali alirudisha tukio lililotokea kweli. Utetezi huo si wa kupuuzwa: maelfu ya wakulima walifika vivyo hivyo, na viatu vivyo hivyo, wala hapakuwa na mtu wa kuwapiga picha. Kosa la mfululizo ule haliko katika viatu. Liko katika wale ambao hawakuitwa kuigiza.

Kuanzia mwaka 1931 waliletwa Magnitogorsk makumi ya maelfu ya wakulima walionyang'anywa mashamba yao kwa kuitwa makulaki. Hao hawakuja kutafuta kazi; walisafirishwa kwa nguvu pamoja na wake na watoto, wakawekwa katika mahema chini ya ulinzi, na majira ya baridi ya kwanza yaliwaua wengi, hasa watoto. Hema la Kalmykov ni mwanzo wa safari ya kwenda nyumbani kwake kupya. Hema la hao halikutiwa katika gazeti lolote, ingawa turubai ni ileile.

Hata mji wenyewe ulikuwa mzuri zaidi kwenye karatasi. Msanifu Ernst May wa Frankfurt aliitwa mwaka 1930 kuuchora, akakuta ujenzi umeanza kabla ya ramani yake. Mengi aliyoyakusudia hayakujengwa, na watu wakakaa miaka mingi katika mabanda marefu ya mbao. May aliondoka Urusi baada ya miaka michache, akahamia Tanganyika na kulima karibu na Arusha, kisha akarudia usanifu wake Nairobi, Kampala na Mombasa, ambako hoteli ya Oceanic ilikuwa kazi yake.

Kalmykov alikamatwa wakati wa msako mkuu wa Stalin, akauawa mwaka 1938. Mwaka 1937 alikamatwa pia Boris Ruchyov, mshairi aliyewahi kukaa katika mahema ya wajenzi, akapelekwa Kolyma kwa miaka kumi, yeye alirudi. Mwaka 1966 mji ulisimamisha ukumbusho wa hema la kwanza, limechongwa kwa mawe, na mashairi ya Ruchyov yakaandikwa juu yake. Picha za Kalmykov zingaliko. Katika ile ya kuwasili angali amesimama na mzigo wake, akionyesha, kama alivyoelekezwa, uso wa mtu ambaye hajui atakayoyakuta.