Ubaguzi Kazini

Ubaguzi kazini ni kitendo cha mwajiri, msimamizi au wafanyakazi wenza kumtendea mtu tofauti na wengine, au kumnyima nafasi, kwa sababu isiyohusiana na uwezo wake wa kufanya kazi, kama vile rangi, kabila, jinsia, ujauzito, dini, ulemavu, umri au hali ya afya. Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka 1958, unauhesabu kuwa ubaguzi utofautishaji, utengaji au upendeleo wowote wa namna hiyo unaoondoa au kudhoofisha usawa wa fursa katika ajira, isipokuwa pale tofauti inapotokana na matakwa halisi ya kazi yenyewe. Fasili hiyo hutazama matokeo, si nia peke yake, kwa kuwa ubaguzi mwingi hautamkwi wala hauandikwi, bali hupitia katika maamuzi ya kila siku: nani aitwe kwenye usaili, nani apangiwe zamu za usiku, nani apelekwe mafunzoni na mkataba wa nani usihuishwe. Kufichika huko ndiko chanzo cha sehemu kubwa ya madhara yake kwa mfanyakazi, na ndiko kunakoufanya uwe mgumu kushughulikiwa kisheria.

Aina na chimbuko

Wanasheria hutenganisha ubaguzi wa moja kwa moja, kama tangazo la nafasi ya kazi linalotaka wanaume pekee kwa kazi ambayo yeyote angeiweza, na ubaguzi usio wa moja kwa moja, yaani sharti linaloonekana kuwahusu wote sawasawa ilhali uzito wake huliangukia kundi moja. Mfano wa aina hii ya pili ni kudai leseni ya udereva kwa karani wa masjala ambaye kazi yake haihusu gari hata kidogo, sharti ambalo humwondoa msomi mwenye ulemavu kabla sifa zake hazijasomwa. Aina ya tatu ni unyanyasaji, ukiwemo ule wa kingono, ambao mhusika hutumia cheo, kejeli au vitisho kumfanya mwenzake ajione hastahili kuwepo mahali pa kazi.

Katika uchumi, Gary Becker alieleza mwaka 1957 kwamba baadhi ya waajiri huwa tayari kupata hasara ili wasichangamane na watu wasiowapenda. Edmund Phelps naye alionesha mwaka 1972 kwamba ubaguzi unaweza kutokea hata pasipo chuki, pale mwajiri asiyemjua mwombaji anapomhukumu kwa wastani anaoudhania kuhusu kundi lake, kwa mfano anapomkataa msichana aliyeolewa karibuni kwa kudhani kwamba ataomba likizo ya uzazi. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika miji ya Boston na Chicago nchini Marekani, ambapo waajiri walitumiwa wasifu wa kubuni uliotofautishwa kwa majina, na wenye majina ya Kizungu wakajibiwa kwa takribani asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayohusishwa na Wamarekani Weusi.

Historia katika Afrika Mashariki

Chini ya ukoloni wa Kiingereza ubaguzi kazini haukufichwa, kwa kuwa ulikuwa ndio utaratibu wenyewe wa ajira, uliowapanga Wazungu juu, Waasia katikati na Waafrika chini. Katika utumishi wa serikali ilitumika kanuni ya tatu kwa tano, ambayo kwayo mtumishi asiye Mzungu alilipwa sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu mwenye cheo kilekile, hadi Tume ya Lidbury, iliyochunguza utumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba ngazi za mishahara zisifuate rangi. Nchini Kenya mfanyakazi wa Kiafrika alilazimika pia kubeba kipande, hati iliyoonyesha mwajiri na historia ya ajira yake. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 na ule wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka huohuo ilidai nafuu ya ujira na hali ya kazi katika mfumo huo.

Uhuru ulileta swali jipya: je, kurekebisha ubaguzi wa jana kunahalalisha kumnyima nafasi raia mwenye asili nyingine leo? Serikali ya Tanganyika ilianza kwa kuwapa Waafrika kipaumbele katika utumishi, kisha Januari 1964 Rais Julius Nyerere akatangaza kwamba raia wote watatendewa sawa bila kujali rangi, uamuzi uliopingwa na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Athari kwa wafanyakazi

Athari ya kwanza ni ya kipato, nayo hujilimbikiza, kwa sababu anayecheleweshwa kupanda daraja hukosa nyongeza ya mshahara wa miaka inayofuata, na michango yake ya hifadhi ya jamii, inayokatwa kwa asilimia ya mshahara huo, hubaki midogo hadi anapostaafu.

Athari ya pili ni ya kisaikolojia. Mfanyakazi aliyeambiwa wazi kwamba hatakiwi hujua kinachomkabili, lakini anayeona wenzake aliowafundisha kazi wakimpita bila maelezo hubaki akijiuliza kama amebaniwa kwa sababu ya kabila lake, kama walioteuliwa wamepita kwa kujuana, au kama kweli uwezo wake ni mdogo. Mashaka hayo yasiyokwisha huambatana na msongo wa mawazo, kukosa usingizi na sonona, na utafiti wa afya ya jamii umehusisha ubaguzi wa muda mrefu na shinikizo la damu. Wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walionesha mwaka 1995, kwa kuwachunguza wanafunzi wa vyuo, kwamba mtu anayehofu kuthibitisha dhana mbaya iliyopo kuhusu kundi lake hufanya vibaya zaidi kuliko uwezo wake. Hivyo ubaguzi unaweza kuzalisha upungufu uleule ambao baadaye hutumiwa kuuhalalisha.

Athari ya tatu huonekana katika mwenendo wa kazi. Aliyebaguliwa huacha kutoa mawazo vikaoni, hujiweka kando au huacha kazi, na wengine huficha sehemu ya maisha yao, kama mjamzito anayenyamazia hali yake hadi mkataba wake wa muda mfupi uhuishwe, au anayeishi na virusi vya UKIMWI anayekosa kliniki kwa kuogopa kuomba ruhusa.

Sheria na utatuzi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ajira ya 2007 zinapiga marufuku ubaguzi, na sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Kwa kuwa kumbukumbu za ajira ziko mikononi mwa mwajiri, sheria za nchi zote mbili zimemtwika mwajiri wajibu wa kuthibitisha. Nchini Tanzania, mfanyakazi akishaonesha dalili za awali za kubaguliwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba uamuzi wake ulikuwa na sababu inayokubalika. Shauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usuluhishi ukishindikana linaweza kufika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Hata hivyo kinga hii humfaa zaidi mwenye barua ya ajira, hati ya mshahara na tathmini za utendaji za kulinganisha na za wenzake. Kibarua wa shambani, msaidizi wa dukani na mfanyakazi wa nyumbani, wanaoajiriwa kwa maneno ya mdomo, wanalindwa na sheria hizohizo, ila mara nyingi hawana hata karatasi moja ya kuonesha dalili hizo za awali.