Tumbusi Ukutani

Nifundishapo historia ya siasa za Kenya, huanza na ukuta kabla ya kufungua jalada. Mwaka 2012, uchaguzi mkuu ukikaribia, mpigapicha Boniface Mwangi na wachoraji wenzake waliingia katikati ya Nairobi usiku, wakamchora mwanasiasa akiwa tumbusi aliyevaa suti. Kamera ya Mwangi ilikuwa imekwisha kushuhudia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Kwa hiyo ndege yule, ingawa alichekesha, hakuwa mzaha. Alikuwa shtaka, tena lililosomeka hata na asiyemudu kununua gazeti. Baadaye kuta zikapakwa rangi upya. Barua za wizara zina makabati yake; ukuta hauna. Nawasihi wanafunzi wangu wapite na simu zao kabla ya mafundi rangi.