Pete Postlethwaite

Pete Postlethwaite (7 Februari 1946 – 2 Januari 2011) alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kutoka Uingereza. Alizaliwa Warrington, akasomea ualimu, kisha akakomaa kisanii katika ukumbi wa Everyman, Liverpool. Hakuwa na sura ya nyota: mashavu yamebonyea, mifupa ya uso imechomoza, lakini akinyamaza tu, mtazamaji alishaelewa. Kazi yake bora kuliko zote ni Giuseppe Conlon katika In the Name of the Father (1993), baba mpole aliyefungwa pamoja na mwanawe bila hatia. Uhusika huo ulimfanya ateuliwe kuwania Oscar. Alionekana pia katika The Constant Gardener (2005), iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Alifariki kwa saratani akiwa na miaka 64.