Orodha ya Wapiga Kelele: Urafiki wa Wanaoonewa Katika Shule za Kilimani

Tume ya elimu ya Ominde, iliyotoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964, iliikabidhi shule ya Kenya huru jukumu la kuwaunganisha watoto ambao ukoloni ulikuwa umewatenga kwa rangi. Kilimani, mtaa wa Nairobi, ni mahali pafaapo kulipima jukumu hilo. Zamani ulikuwa mtaa wa Wazungu wenye nyumba zilizozungukwa na bustani. Leo ni maghorofa. Ukivuka Barabara ya Ngong na kwenda kwa miguu muda mfupi, umefika Kibra. Ukielekea magharibi, Kawangware. Yote miwili ni mitaa ya watu wa kipato cha chini. Shule za umma za eneo hili hupokea watoto wa pande zote hizo. Lakini dawati moja halileti urafiki. Wakati wa mapumziko wanafunzi hujitenga kwa pesa za matumizi, kwa mitaa, na kwa aina ya Sheng wanayoizungumza. Ninavyoona, urafiki unaovuka mipaka hiyo mara nyingi huanzia mahali ambapo Ominde hakupakusudia: miongoni mwa wanaoadhibiwa bila kosa.

Chombo kinachowakusanya kinajulikana na kila aliyesoma Kenya. Mwalimu hayupo darasani, kiranja anaandika orodha ya wapiga kelele. Jina huingia humo kwa chuki, au kwa mazoea, maana aliyeandikwa jana ni rahisi kumwandika tena leo. Wakati mwingine huingia ili kuziba nafasi ya rafiki wa kiranja. Mwalimu wa zamu husoma majina, hahoji. Walioitwa hupiga magoti, huokota taka, hufyeka nyasi, hung'oa kisiki. Hapo mtoto wa wakili na mtoto wa mama mboga hujikuta wameshika vifyekeo vya aina moja, chini ya jua moja.

Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana kwa makundi mbalimbali hupunguza chuki pale wanaokutana wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja na ushirikiano, huku mamlaka yakiwaunga mkono. Wanafunzi wetu wanayo masharti matatu ya kwanza. La nne hawana, kwa kuwa mamlaka ndiyo yaliyowaonea. Nadhani pengo hilo huzibwa na ushahidi. Kila mmoja alikuwepo, akaona kwamba mwenzake hakufungua kinywa. Kuujua usafi wa mtu usiyemzoea, na asitokee yeyote wa kukuuliza unachokijua, ni jambo zito kwa kijana wa miaka kumi na mitano. Ndipo tofauti yao na vijana wa filamu ya The Breakfast Club ya mwaka 1985 inapoonekana. Karibu wote katika filamu ile walikuwa na makosa yao kweli, na urafiki wao ulikua kwa kuungama. Hawa wa kwetu hawana cha kuungama. Wanachoweza kupeana ni neno la ushahidi.

Wapo watakaosema basi adhabu imefanya kazi njema. Sikubali, kwa sababu usawa wa kifyekeo haudumu. Jambo likifika kwa naibu mwalimu mkuu, amri huwa moja: nenda nyumbani, urudi na mzazi. Wakili hupiga simu na mtoto wake huwa darasani kesho yake. Mama mboga akifunga kibanda, siku hiyo hakuna mauzo, na huenda hakuna chakula. Kwa hiyo mtoto hungoja hadi mama apate nafasi, huku masomo yakimpita. Kosa halikuwepo, adhabu ilikuwa moja, lakini gharama imemwangukia maskini. Urafiki ulioanzia kwenye nyasi hupimwa hapa, kwa aliyerudi mapema kunakili madaftari na kuyavusha Barabara ya Ngong. Sioni sababu ya kuishukuru adhabu kwa wema wa watoto.

Shule nyingi huutazama urafiki huu kwa hofu. Waliokuwa hawasemezani sasa wanatembea pamoja, na neno la haraka ni genge. Hutenganishwa, mmoja akahamishiwa mkondo mwingine. Hofu hiyo ina historia: wanafunzi wamewahi kuchoma mabweni. Moto wa shule ya Kyanguli uliua wavulana 67 mwaka 2001, na ule wa shule ya Moi Girls, hapa hapa jirani, uliua wasichana 10 mwaka 2017. Mwalimu anayelala akiwaza mabweni hastahili dhihaka. Lakini anayevunja urafiki wa walioonewa anawaondolea shahidi waliyekuwa naye, huku malalamiko yakibaki pale pale bila mlango wa kutokea.

Sheria ilikwisha kuutaja mlango huo. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka mwanafunzi na mzazi wasikilizwe kabla ya kufukuzwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimpa haki msichana wa imani ya Rastafari aliyekuwa amezuiwa kusoma katika shule ya upili huko Kibra kwa sababu ya nywele zake. Alizuiwa Januari, hukumu ilitoka Septemba. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, lakini hakuna familia itakayokwenda mahakamani kwa ajili ya kisiki.

Kwa hiyo haki ya orodha lazima itendeke shuleni, siku ile ile. Walioandikwa waitwe pamoja, kiranja akiwepo. Kila mmoja aulizwe kwanza alichokiona kuhusu mwenzake, kabla ya kujitetea mwenyewe. Majibu yao yaandikwe katika daftari lile lile la adhabu, na mzazi atakayeitwa ayasome kabla ya kutia saini.