Wanga wa muhogo na fuwele zake

Muhogo hulimwa sana Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, na Masasi, iliyo magharibi mwake. Wanga wake ni mchanganyiko wa polima mbili za glukosi: amilosi, mnyororo mrefu wenye matawi machache, na amilopektini yenye matawi mafupi tele.

Unga wa makopa ukisongwa, fuwele za asili huyeyuka. Ugali ukipoa, minyororo husokotana miwili miwili na fuwele mpya huanza kukua. Hapo urefu ndio mwamuzi. Mnyororo wenye glukosi chini ya 10 hauundi fuwele peke yake. Tena matawi ya glukosi 6 hadi 9 huizuia mingine isijipange. Amilosi yenye glukosi 80 hivi hujipanga upesi kuliko zote, ila iliyo ndefu mno hunasana ikawa jeli.

Amilosi humaliza kazi kwa saa chache, amilopektini kwa siku kadhaa. Kiporo cha asubuhi, basi, hukatika kwa kisu. Kukipasha moto husaidia nusu tu: fuwele za amilopektini huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, lakini za amilosi hudai zaidi ya 120, joto ambalo maji ya sufuria hayalifikii.